Kunde Tulizowapandia Pofu

Nyinyi vijana mliokuja kwangu Kanyakine juzi, na buti mpya na ramani mliyochorewa ofisini, mliniuliza swali moja tu: kunde za kulisha wanyama zipandwe umbali gani kutoka kichakani? Nikawajibu, hatua arobaini. Mkaandika, mkamaliza chai, mkaondoka. Ng'ombe alikuwa anangoja kukamuliwa, na mimi sipendi kusimulia mambo nikiwa nimesimama. Lakini tangu mwondoke sijatulia. Hatua arobaini ni jibu la kweli, ila nikiwaachia hilo peke yake nitakuwa nimewaficha jambo. Ndiyo nikamnyang'anya mjukuu wangu daftari, na sasa naandika.

Jina langu ni Jerusha Kanana. Nilipanda chakula cha wanyama pori katika ranchi moja huko chini ya Ruiri, miaka ile baada ya uhuru ambapo uwindaji ulikuwa bado unaruhusiwa kwa leseni. Wageni walikuja na bunduki zao wakapiga pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, na swala pala, na mara moja moja pongo. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha wanyama hao wapo, wamenona, na hawahamii kwa jirani. Nyinyi mnapanda ili watu waje na kamera. Kwa mnyama ni mamoja, yeye anafuata tumbo.

Niliajiriwa kupalilia tu. Mwenye ujuzi alikuwa Mzee M'Ikiara, mtu mwembamba wa hapo hapo Ruiri, aliyetembea na kijiti kirefu cha kupimia ardhi na ambaye aliongea kama vile kila neno linamchosha. Msimu wa kwanza aliniachia shamba moja nilipande mwenyewe. Nikalipanda kama mama yangu alivyonifundisha nyumbani: mahali peupe, mistari iliyonyooka, hakuna hata jani moja la magugu. Nilijivunia sana. Mwezi mzima hakuja mnyama yeyote ila njiwa.

Mzee akaja akasimama kandokando, akaangalia mistari yangu.

"Hii umepanda ya kuonyesha pasta," akasema.

"Kwani ina makosa gani, Mzee?"

"Mwari, pofu haji hapa kula. Anakuja kuiba. Mpandie mahali mwizi anaweza kusikia raha."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Shamba la mnyama huwa jembamba na limepinda, linafuata kichaka kama mtu anayetembea karibu na ukuta. Ukilisogeza sana kichakani, mnyama anaogopa chui aliyejificha. Ukiliweka mbali, anaogopa uwanja. Zizungushie kunde miiba ya mgunga mpaka zifike magotini, kisha fungua upande mmoja tu, ule wa kichakani. Changanya na mbaazi, kwa sababu kunde zikiisha mbaazi bado zinasimama. Siku ya kupanda usijipake mafuta wala usiogee sabuni ya harufu. Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyekuwa akichumbia msichana wa Ruiri sokoni, na shamba alilolipalilia yeye wanyama walilikwepa wiki mbili nzima kwa harufu ya mafuta yake. Mzee akamwambia achague, swala au msichana. Akachagua msichana, akahamishwa kwenda kuchimba mashimo ya nguzo.

Na mtama. Hili mliandike kwa wino. Niliwahi kukata mtama ili uchipue tena, mvua ikakatika, ule mtama mchanga ukapigwa na jua ukajikunja. Nikafungua miiba nikidhani naokoa wanyama na njaa. Asubuhi nikakuta swala pala wanne wamelala ndani ya shamba, matumbo yamejaa, povu mdomoni. Mtama uliochipua upya ukikosa maji huwa na sumu. Mzee hakunigombeza. Alinifanya nisaidie kuwavuta mmoja mmoja mpaka shimoni, na alipomaliza akaniambia, "Ukiweka chakula, umeshachukua mzigo wa kila anayekila." Nilidhani anaongea juu ya swala.

Sasa nije kwenye kile kiangazi.

Mvua ya kwanza ilikosa, na ya pili ikanyesha siku chache ikaacha. Huku juu Kanyakine watu walikuwa na ndizi na viazi, lakini kule chini ya Ruiri ardhi iligeuka rangi ya mifupa. Mbuzi walikula makaratasi. Ranchi yetu ilikuwa na mfereji uliotoka kwenye kijito cha mlimani, na maji yake yaliishia kwenye Shamba la Tatu, lililokuwa karibu na ua wa senyenge. Ng'ambo ya ua kulikuwa na kijiji cha watu waliokuja kulima hapo baada ya uhuru. Kwao hakukuwa na tone. Kwa hivyo hebu oneni: upande mmoja watu wanakoroga uji wa maji, na hatua chache kutoka hapo kunde za kijani, laini, zinangoja pofu.

Asubuhi moja Mzee aliniita katika Shamba la Tatu. Akainama, akashika mche wa kunde.

"Ni nani amekula hapa?"

Nikaangalia. Mnajua, au mtajua, kwamba swala na pofu hawana meno ya mbele ya juu. Wanashika jani kwa ulimi na kulichana, kwa hivyo kikonyo kinabaki kimechanika, kina nyuzinyuzi. Huu mche ulikuwa umekatwa safi, juu ya jani la tatu, pale pale mwanamke yeyote anapokata akichuma mboga ya kupika. Na hata uliofuata. Mstari mzima.

"Huyu pofu ana vidole," Mzee akasema. Kisha akanyoosha mgongo na kutazama mlimani. "Mimi ni mzee. Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Akaondoka, akaniacha na jambo hilo.

Nilirudi kesho yake kukiwa kumeanza kupambazuka, nikajilaza nyuma ya tuta la mfereji. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kunde. Kwanza wakaja pofu watatu majike, wakaanza kula. Kisha nikaona mtu ameinama katikati yao, na wale pofu hawakushtuka. Walikuwa wameshazoeana! Mwanamke aliyejifunga blanketi la kahawia, kiondo mgongoni, akichuma kwa mikono miwili, haraka, bila kupumzika. Mimi niliyeogea bila sabuni miaka yote hiyo sikuwahi kuwakaribia wanyama namna ile.

Nilipoinuka, pofu wakakimbia. Yeye hakukimbia. Alisimama na kiganja kimejaa majani.

Tuliongea kwa Kimeru, mimi nawaandikia kwa Kiswahili.

"Utaniita askari?" akauliza.

"Wewe ni nani?"

"Nkatha. Nakaa pale, nyumba ya pili kutoka kwa ua." Akaonyesha kwa kidevu. "Nina watoto wanne, na baba yao alikufa. Kama utaniita askari, niache kwanza nipeleke hizi, halafu nitarudi mwenyewe."

Alikuwa wa umri wangu. Uso wake ulikuwa umekauka kwa njaa, lakini aliniangalia machoni. Nilifikiria kazi yangu. Meneja wetu alikuwa Mzungu aliyebaki nchini, tuliyemwita Bwana Mluzi kwa sababu hakuita mtu kwa jina, alipiga mluzi tu. Yeye aliwahi kumfukuza mtu kwa kuchuma maboga mawili. Halafu nikaangalia kile kiondo.

"Wageni wa kuwinda wanakuja Alhamisi mpaka Jumamosi," nikamwambia. "Jumapili meneja mwenyewe anatembea huku. Wewe njoo Jumatatu na Jumanne. Siku zingine usikanyage. Ingia kwa mfereji, na usichume mstari mmoja mpaka uishe, rukaruka."

"Jumatatu na Jumanne," akarudia, kama mtoto anayefundishwa sala.

Ndivyo tulivyokaa wiki nyingi za kiangazi kile. Siku zingine nilimkuta tukachuma pamoja, tukiongea chini chini huku pofu wakitafuna pembeni. Alikuwa mtu wa kucheka, Nkatha, hata na njaa ile. Aliwapa pofu majina ya wanawake wa kanisani kwao. Mnene aliyependa kusukuma wenzake alimwita Mwenyekiti. Nami nikawa napanda zaidi ya nilivyoagizwa, nikijiambia ni kwa ajili ya wanyama.

Sasa sikilizeni Jumanne moja.

Kulikuwa na baridi na giza lilikuwa linaanza tu kuachia. Nilikuwa stoo natoa majembe nikasikia mluzi. Nikatoka. Landrova ilikuwa imewashwa. Bwana Mluzi alikuwa na mgeni, mzee wa Kizungu mnene, mpole wa sura, aliyeshika bunduki yake kama mtu anayebeba mtoto wa mwenyewe.

"Wewe Kanana, ingia gari," meneja akasema kwa Kiswahili chake. "Huyu bwana nakuja mapema. Nataka pofu dume. Wewe nasema ile dume kubwa napita Shamba ya Tatu, sio?"

Ni mimi niliyemwambia. Wiki iliyopita tu, nikijisifu, kwamba nimevuta dume kubwa kwa kunde zangu.

"Leo Bwana?" nikasema. "Leo ni Jumanne."

"Na Jumanne nakuwa nini?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Neno moja tu, "kuna mtu." Lakini neno hilo lingefuatwa na maswali, na maswali yangefuatwa na kufukuzwa, na Nkatha angefungwa, na mimi ningerudi kwa mama Kanyakine na sanduku kichwani. Nikajiambia huenda leo amechelewa. Nikajiambia huenda leo hakuja, mtoto wake wa mwisho alikuwa na homa. Nikaingia gari.

Njiani kulikuwa na mashimo mengi na meneja aliendesha polepole. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema mara kumi. Niliwaambia, "Twende Shamba la Kwanza, Bwana, kule nako kuna dume." Meneja akajibu kwamba upepo wa asubuhi unatoka mlimani, na maficho ya Shamba la Kwanza yako upande mbaya. Ni kweli, na ni mimi niliyemfundisha hivyo. Hewa ya asubuhi huteremka, kwa hivyo maficho lazima yawe chini ya shamba, uso wa mwindaji uangalie mlima.

Tuliacha gari kwenye miti, tukatembea tukifuatana, meneja mbele, mimi katikati kuonyesha njia, mgeni nyuma. Maficho yalikuwa kibanda cha nyasi cha kukaa watu watatu, wamebanana. Meneja alikaa kulia kwangu akatoa darubini akaangalia ile pembe ya kichaka ambapo dume alizoea kutokea. Mgeni alikaa kushoto. Akatoa pamba mfukoni, akajiziba masikio yote mawili, akaweka mtutu kwenye tundu la nyasi.

Ukungu ulikuwa mzito. Kunde zilionekana kama zinaelea. Nikaangalia kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, mstari kwa mstari, nikiomba Mungu nione majani tu.

Mwenyekiti akatokea. Akasimama, akapeleka masikio mbele, akaanza kula. Moyo wangu ukatulia kidogo, kwa sababu alikuwa peke yake na mgeni hakutaka jike. Mgeni akangoja. Nilisikia anavyopumua kwa pua.

Kisha, nyuma ya Mwenyekiti, chini chini ndani ya kunde, mgongo wa kahawia ukasogea.

Nilimjua mara moja. Pofu anapokula kichwa chake huinuka kila mara kusikiliza. Mgongo ule haukuinuka. Ulikuwa unasogea kulia, kushoto, kulia, namna mikono miwili inavyochuma.

Mgeni akavuta pumzi. Alidhani ni dume ameinamisha kichwa nyuma ya jike lake, na siwezi kumlaumu sana, mimi ndiye niliyesema dume yupo. Akainua bega. Shavu lake likashika kitako cha bunduki.

Nawaandikia ukweli, ndiyo sababu ya daftari hili. Sikusema papo hapo. Nilimwona Nkatha, nikamwona mgeni anaweka kidole, na kitu cha kwanza kilichopita kichwani kwangu ni kazi yangu. Mwenyekiti alisogea hatua moja, akamkinga Nkatha, nikasikia raha. Raha! Nikafikiri, akibaki hapo hapo hakutatokea kitu na hakuna atakayejua. Kisha akasogea hatua nyingine, na ule mgongo ukawa wazi.

"Bwana," nikanong'ona. "Bwana, hapana. Ni mtu."

Pamba. Hakusikia. Meneja alisikia, akageuka, "Nini?" lakini yeye alikuwa upande wa pili wangu. Nikaona ngozi ya kidole cha mgeni ikizidi kuwa nyeupe kwa kukaza. Nikaurukia mtutu kwa mikono miwili, nikausukuma chini kwa uzito wangu wote.

Bunduki ililia ndani ya kile kibanda.

Sijui niwaelezeeje. Haikuwa sauti, ilikuwa kama kupigwa kichwani na ubao. Nilianguka mbele nikatoka na nyasi za ukuta. Nikaona udongo wa tuta la mfereji umeruka, nikaona Mwenyekiti anatimka, nikatazama kunde. Hapakuwa na mgongo tena. Hapakuwa na mtu.

Nilikimbia nikipiga kelele jina lake na sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Sikio la kushoto halijapona hata leo. Nilikanyaga kunde zangu, nikaanguka, nikainuka. Nikamkuta amelala kifudifudi, kiondo kimempindukia kichwani, majani yamemwagika kila mahali. Nilimgeuza. Nikampapasa kifua, tumbo, mgongo, nikitafuta damu. Mikono yangu ilikuwa na maji tu. Risasi ilikuwa imepiga tuta mbele yake, ikamrushia matope ya mfereji mwili mzima.

Akafungua macho. Midomo yake ikacheza. Nikamwekea sikio la kulia.

"Umenikanyaga mkono," alisema.

Nikakaa chini nikalia.

Bwana Mluzi alifika akiwa mwekundu. Alianza kumfokea Nkatha kwamba ni mwizi, kwamba ataitwa polisi, kwamba senyenge ni ya nini. Mgeni yeye alisimama hatua chache nyuma, bunduki ameiweka chini, pamba bado ziko masikioni, anamtazama yule mwanamke aliyejaa matope. Kisha akakaa juu ya tuta. Kesho yake alifunga mizigo akaondoka bila kupiga hata kanga.

Nkatha alipoweza kuinuka, hakuinuka. Alijifunga blanketi vizuri akakaa katikati ya kunde.

"Mwambie huyu," akaniambia, "mimi sitoki hapa. Wazee wa kwetu wamesikia mlio. Wanakuja. Watanikuta hapa hapa."

Nikatafsiri. Meneja akaangalia ua. Kweli, ng'ambo ya senyenge watu walishaanza kutokeza, wanawake mbele. Ule wekundu ukamtoka usoni. Ndipo akanigeukia.

"Kanana. Wewe najua huyu mama nakuja hapa?"

"Ndiyo, Bwana."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi kianze."

"Na leo, kwa gari, wewe najua?"

Nilifungua mdomo. Mzee M'Ikiara alikuwa amefika mbio kutoka mashamba ya juu, kijiti mkononi, na yeye ndiye aliyejibu kwanza.

"Hata mimi nilijua, Bwana. Nilijua kabla yake. Ukimfukuza huyu, na mimi naenda."

Lile swali la gari likapotea hapo, katikati ya watu waliokuwa wanavuka ua. Hakuna aliyeniuliza tena. Mzee alidhani ameniokoa.

Mazungumzo yalichukua siku nzima, papo hapo shambani. Meneja aliogopa kesi kuliko alivyoogopa kiangazi. Alitoa gunia la mahindi, wazee wakakataa. Nkatha alikuwa amekaa na wanawake wenzake, matope yamemkaukia. Akaomba kusema. Alisema kwa Kiswahili chake kidogo ili meneja amsikie bila mimi:

"Sitaki mahindi. Mahindi itaisha. Hiyo maji inapita hapa inamwagika bure huko chini. Ikate, ipite kwa sisi."

Meneja akaangalia mfereji, akaangalia wale watu, akapiga mluzi mdogo, wa kujisikiliza. Kabla wiki haijaisha vijana wa kijiji na wafanyakazi wa ranchi walikuwa wanachimba pamoja kupita chini ya senyenge. Mbegu za kwanza za kunde walizopanda zilitoka stoo yetu. Nilizipima mwenyewe kwa bakuli, na hakuna aliyezihesabu.

Mimi sikufukuzwa. Niliondolewa mashambani nikapelekwa kuosha sufuria kambi ya wageni. Aliyechukua nafasi yangu alipanda mistari iliyonyooka, mahali peupe, na kabla ya mvua ndefu kufika pofu walikuwa wamehamia kwa jirani. Nikasikia mluzi mlangoni pa jikoni. Nikarudi. Lakini nilirudi na sharti: kila asubuhi ya kuwinda, mtu atembee shamba zima kwa miguu kwanza, aguse kila mstari, na mwenye bunduki asikae mpaka huyo mtu arudi amwambie kwa mdomo. Wageni walinung'unika kwamba tunafukuza wanyama. Tuliwafukuza kweli, mara nyingi. Miaka iliyobaki mpaka serikali ilipopiga marufuku uwindaji, niliutembea mwenyewe ule mzunguko, na sikumwachia mtu.

Baada ya marufuku ranchi iligeukia ng'ombe, nami nikapanda majani ya ng'ombe mpaka nilipostaafu. Mzee M'Ikiara alikufa akiwa kazini, kijiti chake kikabaki nyuma ya mlango wa stoo mpaka mchwa wakakila. Bwana Mluzi alirudi kwao.

Siku ya kustaafu, kabla sijapanda kuja Kanyakine, nilipita kwa Nkatha. Alikuwa amejenga nyumba ya mabati, watoto wote wameshaoa na kuolewa. Tulikuwa marafiki miaka yote hiyo. Alikuwa mlezi wa ubatizo wa binti yangu. Na miaka yote hiyo hakuna siku tuliyoongea juu ya ile asubuhi ila kwa kucheka, jinsi nilivyomkanyaga mkono. Watu wa kijiji walinijua mimi kama mwanamke aliyerukia bunduki. Kanisani waliwahi kunisimamisha, wakanipigia makofi.

Alikuwa anapukuchua kunde kwenye ungo, kibarazani. Akanipa chai. Nilijua nikiondoka bila kusema sitasema tena.

"Nkatha," nikasema, "ile Jumanne. Nilijua unaweza kuwa shambani. Nilijua tangu stoo. Nilikaa kwa gari nikanyamaza. Na pale kwa kibanda nilikuona kabla yake, nikanyamaza tena. Niliogopa kufukuzwa. Sikuruka haraka vile watu wanasema."

Hakuacha kupukuchua. Ganda moja, la pili, la tatu. Punje zilikuwa zinagonga ungo.

"Mimi pia niliwaona," akasema.

"Ulituona wapi?"

"Mkitoka kwa ile miti. Mmefuatana watatu, wewe katikati. Nilishika kiondo nikimbie. Halafu nikaona ni wewe." Akapuliza maganda, yakaruka upande. "Nikasema, Kanana ameshawaambia kuna mtu. Nikarudi nikaendelea kuchuma."

Sikuweza kumtazama. Kuku walikuja kudonoa maganda miguuni petu, akawafukuza kwa mguu bila kuangalia.

"Kunywa chai, inapoa," akasema.

Nilibaki nimeshika kikombe mpaka maziwa yakafanya utando juu, naye akavuta rundo lingine la kunde, akaligawa katikati, akanisogezea nusu.